Safari ya Maskati kwa Biashara na Utalii: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwananchi wa Rungwe

Na Mwandishi Wetu

Mkulima wa parachichi wa Kata ya Kawetele, wilayani Rungwe, anayekusudia kwenda Maskati kutafuta mnunuzi, hukamilisha sehemu kubwa ya safari hiyo kabla hajapanda basi la kutoka Tukuyu kwenda Mbeya. Aina ya viza aliyoomba, vyeti alivyonavyo mkononi na namna alivyokubaliana na mwenyeji wake ndivyo vinavyoamua kama atarejea na mkataba au na deni.

Makala haya yanaeleza hatua za kufuata kwa mwananchi anayetaka kutembelea eneo la mji mkuu wa Oman kwa shughuli za biashara na kujionea vivutio vyake: hati zinazohitajika, maandalizi ya bidhaa, fedha, mazungumzo na wanunuzi, maeneo ya kutembelea na sheria za nchi hiyo. Viwango vya ada na masharti ya viza hubadilika mara kwa mara. Kwa sababu hiyo, msafiri anatakiwa kuyathibitisha kwa mamlaka husika kabla ya kufanya malipo yoyote.

Kwa nini Maskati

Uhusiano wa Tanzania na Oman ni wa karne nyingi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Zanzibar, na biashara ya karafuu, pembe za ndovu na nguo, pamoja na biashara ya utumwa iliyowaumiza wengi, iliziunganisha pande mbili za Bahari ya Hindi. Baada ya kifo chake mwaka 1856 milki hiyo iligawanyika, na mwaka 1861 Zanzibar na Maskati zikatambuliwa kuwa tawala mbili tofauti. Mahusiano ya kifamilia hayakukatika. Kuanzia mwaka 1970, Sultani Qaboos bin Said aliposhika madaraka na kuwaita nyumbani Waomani waliokuwa ughaibuni, familia nyingi zenye asili ya Zanzibar na Afrika Mashariki zilihamia Oman na lugha yao. Ndiyo maana hadi leo Kiswahili husikika katika ofisi, maduka na nyumba nyingi za Maskati.

Mwezi Juni 2022, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alifanya ziara rasmi nchini Oman kwa mwaliko wa Sultani Haitham bin Tariq, ambapo hati za makubaliano katika sekta mbalimbali zilitiwa saini. Makubaliano ya Serikali hufungua njia, lakini anayetembea katika njia hiyo ni mwananchi mwenye bidhaa, na kazi ya kujiandaa inabaki kuwa yake.

Kwa Rungwe fursa hiyo ina maana ya pekee. Tukuyu ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake wa volkano hustawisha parachichi, ndizi, chai, viazi na mazao ya bustani. Maskati hupata wastani wa takribani milimita 100 tu za mvua kwa mwaka, na Oman huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya chakula chake. Kinachooza shambani kwa kukosa soko upande mmoja kinanunuliwa kwa fedha nyingi upande wa pili. Kati ya pande hizo mbili kuna taratibu, na ndizo zinazoelezwa hapa chini.

Eneo la mji mkuu lilivyo

Mgeni wengi humsikia mtu akisema "Maskati" na kudhani ni mji mmoja wenye katikati moja. Kiutawala, Mkoa wa Maskati una wilaya sita: Muscat yenyewe, Muttrah, Bawshar, Seeb, Al Amerat na Quriyat. Mkoa huu umejinyoosha kando ya bahari kwa makumi ya kilomita, huku milima ya mawe ikiutenganisha na bara.

Muscat ya kale ndiyo yenye kasri la Sultani na ngome. Muttrah ina soko maarufu na bandari ya zamani, na ndani yake lipo eneo la Ruwi, lenye benki, maduka ya jumla na nyumba za wageni za bei ya wastani. Bawshar ina majengo mapya ya ofisi na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Seeb ndiko uliko Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Muscat, ambao jengo lake jipya la abiria lilifunguliwa mwaka 2018, na karibu yake kipo Kituo cha Mikutano na Maonesho cha Oman. Msafiri anayepanga mikutano miwili kwa siku moja, mmoja Ruwi na mwingine Seeb, akumbuke kuwa umbali kati ya maeneo hayo si wa kutembea kwa miguu.

Mambo mawili humhusu zaidi mfanyabiashara wa mazao. Kwanza, Bandari ya Sultan Qaboos iliyopo Muttrah iliacha kupokea makontena ya kibiashara mwaka 2014, shughuli hizo zilipohamishiwa Sohar, takribani kilomita 200 kaskazini magharibi mwa mji mkuu. Kwa hiyo mkataba unaosema mzigo utafikishwa "Maskati" bila kutaja bandari wala ghala unaacha mlango wa ugomvi: ni nani atalipia usafiri kutoka Sohar? Pili, soko kuu la jumla la matunda na mboga lililokuwa Al Mawaleh, wilayani Seeb, lilihamishiwa mwaka 2024 katika eneo la Khazaen, Barka, nje ya Mkoa wa Maskati. Anayetaka kuona bei halisi ya parachichi na kuzungumza na wanunuzi wa jumla aende huko mapema asubuhi, siyo katika maduka ya kitalii ya Muttrah.

Hati za safari

Hatua ya kwanza ni pasipoti. Tanzania ilizindua pasipoti ya kielektroniki tarehe 31 Januari, 2018, na maombi yake huanzia katika mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Uhamiaji. Mwombaji hutakiwa kuwa na Kitambulisho cha Taifa kinachotolewa na NIDA, cheti chake cha kuzaliwa, uthibitisho wa uraia wa mzazi, picha na ushahidi wa shughuli anayosafiria. Mwananchi wa Kawetele anaweza kupata maelekezo katika ofisi za Uhamiaji wilayani au mkoani Mbeya. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Mtu anayedai apewe fedha mkononi ili "aharakishe" pasipoti hana mamlaka hayo.

Jina lililoandikwa katika pasipoti, kitambulisho na tiketi linapaswa kufanana herufi kwa herufi. Wananchi wengi huandikwa jina moja shuleni, lingine kanisani na lingine katika kadi ya chama cha ushirika. Tofauti hizo zirekebishwe mapema kwa utaratibu wa kisheria, kwa kuwa haziwezi kutatuliwa kwenye dirisha la ukaguzi uwanjani. Pasipoti iwe na muda wa uhalali usiopungua miezi sita kuanzia siku ya kuingia Oman.

Msafiri abebe pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano kilichotolewa na kituo kinachotambulika, bima ya safari, tiketi ya kurudi na uthibitisho wa mahali atakapofikia. Anayetumia dawa kila siku azibebe katika vifungashio vyake vya asili pamoja na barua ya daktari, kwani baadhi ya dawa za kawaida hapa nchini zinadhibitiwa vikali katika nchi za Ghuba.

Viza ya matembezi siyo kibali cha kazi

Viza za Oman hushughulikiwa na Polisi ya Kifalme ya Oman (Royal Oman Police) kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Zipo viza ambazo msafiri huomba mwenyewe, na zipo ambazo huombwa na mwenyeji, kwa mfano kampuni au hoteli ya Oman. Aina inayomfaa msafiri hutegemea uraia wake, madhumuni ya safari na muda atakaokaa. Anayekwenda kukutana na wanunuzi aeleze hivyo katika maombi na aambatishe barua ya mwaliko inayotaja jina la kampuni, namba yake ya usajili na tarehe za mikutano. Ubalozi wa Oman jijini Dar es Salaam na Ubalozi wa Tanzania mjini Maskati ni mahali sahihi pa kuthibitisha masharti yaliyopo kwa wakati husika.

Jambo hili linahitaji mkazo: viza ya utalii au ya biashara hairuhusu kufanya kazi ya kuajiriwa. Wapo matapeli wanaowashawishi vijana, hasa wasichana, kusafiri kwa viza ya matembezi wakiahidiwa kwamba itabadilishwa kuwa ya kazi baada ya kufika. Aliyefika kwa njia hiyo hana mkataba unaomlinda, na mara muda wa viza unapokwisha anakuwa mkosaji mbele ya sheria, mwenye faini inayoongezeka kila siku. Ajira za nje ya nchi zina utaratibu wake unaosimamiwa na wizara yenye dhamana ya kazi na ajira pamoja na mawakala wenye leseni. Mwananchi aombe kuoneshwa leseni ya wakala na mkataba uliothibitishwa kabla ya kuondoka nyumbani. Usafirishaji haramu wa binadamu ni kosa chini ya Sheria ya mwaka 2008, na taarifa zake zitolewe kwa Jeshi la Polisi au Idara ya Uhamiaji.

Izingatiwe pia kwamba viza ya Oman haimruhusu mwenye nayo kuingia Dubai au Abu Dhabi. Umoja wa Falme za Kiarabu ni nchi nyingine yenye viza yake.

Maandalizi ya biashara kabla ya kuondoka

Mnunuzi wa Maskati atauliza maswali matatu: una kiasi gani, cha ubora gani, na utaleta lini. Asiye na majibu yaliyoandikwa hana haja ya kununua tiketi.

Kuhusu kiasi, kontena la baridi la futi 40 hubeba takribani tani 20 hadi 23 za parachichi. Ni nadra kwa mkulima mmoja wa Kawetele kulijaza peke yake, hivyo safari yenye tija ni ile inayofanywa kwa niaba ya kikundi, chama cha ushirika au kampuni iliyosajiliwa. Mjumbe anayesafiri awe na muhtasari wa kikao uliomteua, wenye kueleza kiwango cha bei anachoruhusiwa kukubali na mambo ambayo hana mamlaka ya kuyaamua bila kurudi kwa wenzake. Fedha za safari zikitoka katika mfuko wa kikundi, matumizi yake yaandikwe na stakabadhi zihifadhiwe. Tani 20 za parachichi ni jasho la kaya nyingi, na msimu ukipotea haurudi.

Kuhusu ubora, parachichi lililochumwa changa halitaiva vizuri. Litasinyaa na kuwa kama mpira. Soko la nje hupima ukomavu kwa kiasi cha ukavu wa nyama ya tunda, siyo kwa kulitazama kwa macho. Aina ya Hass ndiyo inayotafutwa zaidi kwa sababu ngozi yake nene huvumilia safari. Baada ya kuchumwa, tunda linatakiwa kupozwa haraka na kubaki katika ubaridi usiokatika, takribani nyuzi joto 5 hadi 6 za Selsiasi, hadi kwa mnunuzi. Maskati wakati wa kiangazi hufikia nyuzi 40 na zaidi. Saa chache za kontena lisilo na umeme zinatosha kuharibu mzigo wote.

Vyeti na usajili unaohitajika kwa kawaida ni huu ufuatao:

- Usajili wa jina la biashara au kampuni kutoka BRELA, Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi kutoka TRA na leseni ya biashara.
- Cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya mwaka 2020.
- Cheti cha uasili wa bidhaa, ambacho hutolewa kupitia Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo Tanzania (TCCIA).
- Ankara, orodha ya vifungashio na hati ya shehena ya meli au ndege, zote zikitaja kiasi na uzito uleule.
- Uthibitisho wa viwango kutoka Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwa bidhaa zilizosindikwa, kama mafuta ya parachichi au chai ya pakiti.

Cheti cha uasili si karatasi ya kujazia faili. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya parachichi za Nyanda za Juu Kusini ilipitia Bandari ya Mombasa, na malalamiko yakawa kwamba matunda ya Rungwe na Njombe yalifika sokoni yakijulikana kwa jina la nchi nyingine. Mnunuzi asiyejua kuwa tunda limetoka Rungwe hawezi kuja Rungwe.

Chai na kakao zina wasimamizi wake. Anayetaka kusafirisha chai afike Bodi ya Chai Tanzania kupata utaratibu wa leseni, na kakao huuzwa kupitia vyama vya ushirika na mfumo wa stakabadhi za ghala. Kwa hiyo mtu binafsi asiahidi tani za kakao huko Maskati kwa kutegemea kwamba atazikusanya kwa majirani.

Kwa upande wa Oman, nchi za Baraza la Ushirikiano la Ghuba zimekuwa na umoja wa forodha tangu mwaka 2003, wenye ushuru wa jumla wa asilimia 5 na misamaha kwa baadhi ya vyakula. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza kutozwa Oman mwezi Aprili 2021 kwa kiwango cha asilimia 5. Bidhaa zilizofungashwa huhitaji lebo yenye maelezo ya Kiarabu, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara Tanzania (TanTrade) na Ubalozi wa Tanzania zinaweza kumsaidia mfanyabiashara kujua masharti hayo na kuunganishwa na maonesho au wanunuzi wanaotambulika.

Hata sampuli za kilo chache zisifichwe katika sanduku la nguo. Matunda mabichi yakiingizwa bila cheti huweza kutaifishwa uwanjani, na safari ya biashara ikaanza kwa maelezo ya kujitetea.

Usafiri, wakati na fedha

Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni takribani kilomita 70. Kutoka hapo msafiri anaweza kutumia ndege kupitia Kiwanja cha Ndege cha Songwe, basi, au treni ya TAZARA kwenda Dar es Salaam. Anayetumia basi au treni apange kufika Dar es Salaam angalau siku moja kabla ya ndege ya kimataifa. Oman Air imekuwa ikiunganisha Maskati na Dar es Salaam pamoja na Zanzibar, na safari ya moja kwa moja huchukua kama saa tano na nusu. Saa za Oman ziko mbele ya zetu kwa saa moja.

Mapumziko ya juma nchini Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Hii ina maana kwamba ofisi za Tanzania na za Oman hufanya kazi pamoja siku nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi. Fedha iliyotumwa na benki ya Maskati Alhamisi jioni isitarajiwe Mbeya kesho yake. Ratiba nzuri ni kufika Jumamosi, kufanya mikutano kuanzia Jumapili hadi Jumatano, kutumia Alhamisi kukamilisha maandishi, na kutenga Ijumaa kwa mapumziko na matembezi. Ofisi nyingi za Serikali hufunga mapema alasiri, na maduka mengi ya sokoni hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni.

Sarafu ya Oman ni rial, inayogawanywa katika baisa 1,000. Tangu mwaka 1986 thamani yake imefungwa kwenye dola ya Marekani, rial moja ikiwa sawa na takribani dola 2.60. Bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta: 1.500 ni rial moja na baisa 500, siyo rial elfu moja na mia tano. Udogo wa tarakimu hudanganya jicho. Chakula cha rial 3 kinakaribia dola 8, na mtu aliyezoea kuhesabu maelfu ya shilingi huweza kumaliza akiba yake akidhani ananunua vitu vya bei nafuu.

Fedha za kigeni zinunuliwe benki au katika duka la kubadilisha fedha lenye leseni, na stakabadhi itunzwe. Msafiri anayetoka au kuingia nchini na fedha taslimu zinazozidi dola 10,000 za Marekani au thamani yake anatakiwa kuzitolea taarifa forodhani. Oman nayo ina utaratibu wake wa kutangaza fedha. Kutangaza si kosa wala hakuleti kodi. Kosa ni kuficha.

Mazungumzo na mkataba

Mwenyeji wa Oman atamkaribisha mgeni kwa kahawa na tende kabla ya kutaja bei, na si adabu kuruka hatua hiyo. Mgeni hupokea kikombe kwa mkono wa kulia, na akitosheka hukitikisa kidogo kabla ya kukirudisha. Mkutano wa kwanza huweza kwisha bila bei kutajwa. Ndiyo sababu safari ya siku mbili haitoshi.

Kumkuta mnunuzi anayesema Kiswahili fasaha huleta faraja kubwa ugenini, hasa kwa aliyetoka mbali kama Rungwe. Hata hivyo, lugha hufungua mlango na mkataba ndio unaolinda mali. Mwananchi asikubali kusafirisha mzigo kwa maneno ya simu, wala kwa sababu mwenzake ametaja mtaa wa Zanzibar anakotoka babu yake. Mkataba utaje jina kamili la kampuni na namba ya usajili wake, kiasi, daraja la ubora, bei na sarafu, bandari ya kukabidhiana, atakayelipia usafiri na bima, wakati ambapo hatari ya mzigo inahama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, na mahali pa kusuluhisha mgogoro. Lugha ya mahakama za Oman ni Kiarabu. Nakala ya Kiarabu isisainiwe kabla ya kutafsiriwa na mtu asiyelipwa na mnunuzi.

Kwa malipo, njia salama kwa wafanyabiashara wasiofahamiana ni dhamana ya malipo inayotolewa na benki ya mnunuzi na kuthibitishwa na benki ya muuzaji, ambapo fedha hulipwa hati za mzigo zinapowasilishwa zikiwa sahihi. Njia nyingine ni malipo ya sehemu kabla ya mzigo kuondoka. Kutuma kontena zima kwa ahadi ya "kulipwa likiuzwa" ni kumkopesha mtu usiyemjua mali ya kikundi. Matunda yakishafika Sohar na mnunuzi akadai yameharibika, muuzaji aliyeko Tukuyu hana namna ya kwenda kuyatazama. Kwa hiyo mkataba uweke bayana ni mkaguzi gani huru atakayepima hali ya mzigo na ndani ya saa ngapi.

Usajili wa kampuni ya mnunuzi uthibitishwe kupitia Chemba ya Biashara na Viwanda ya Oman au kwa msaada wa Ubalozi wa Tanzania kabla ya kusaini.

Maeneo ya kutembelea

Kipindi kizuri cha matembezi ni Novemba hadi Machi, joto linapopungua. Mgeni aanze na Soko la Muttrah, lenye vichochoro vilivyoezekwa, ambako huuzwa ubani wa Dhofar, majambia, vitambaa, halua na vyombo vya fedha. Kupatana bei ni jambo la kawaida. Nje ya soko kuna barabara ya ufukweni inayotazama bandari, mahali pazuri pa kutembea jioni.

Katika Muscat ya kale zimesimama ngome mbili, Al Jalali na Al Mirani, zilizojengwa na Wareno katika karne ya 16. Wareno walifukuzwa Maskati mwaka 1650 na watawala wa ukoo wa Yaarubi, ambao mwaka 1698 waliiteka pia Ngome ya Yesu huko Mombasa. Kati ya ngome hizo lipo kasri la Al Alam, ambalo hutazamwa kwa nje. Jirani yake ipo Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 2016, inayoeleza historia ya Oman na safari zake za baharini. Kwa Mtanzania, hii ni nafasi ya kuitazama historia ya pwani yetu kutoka ng'ambo ya pili.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos ulifunguliwa mwaka 2001 na unaweza kupokea waumini wapatao 20,000. Zulia la ukumbi wake mkuu lina ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 4,300. Wasio Waislamu wamekuwa wakiruhusiwa kuutembelea asubuhi, saa 2:00 hadi saa 5:00, isipokuwa Ijumaa. Wanaume wavae suruali ndefu, na wanawake wajisitiri mwili wote na kufunika nywele. Jumba la Opera la Kifalme, lililofunguliwa mwaka 2011, lipo umbali mfupi kwa gari.

Mwenye siku ya ziada anaweza kwenda Quriyat kuona bwawa la Wadi Dayqah, au Nizwa, umbali wa takribani kilomita 160, yenye ngome ya karne ya 17 na mnada wa mifugo wa Ijumaa asubuhi. Yapo mabasi ya umma ya Mwasalat na teksi. Magari ya Oman huenda upande wa kulia wa barabara, kinyume na hapa nchini. Mgeni anayevuka barabara kwa mazoea ya Tukuyu hutazama upande usio na gari. Atazame pande zote mbili kila mara.

Sheria na desturi

Mgeni haruhusiwi kupiga picha majengo ya ulinzi, na anapaswa kuomba ridhaa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa mwanamke. Matusi hadharani, barabarani au mtandaoni huweza kumfikisha mtu mahakamani. Katika mwezi wa Ramadhani, kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani mchana ni kosa, hata kwa asiye Mwislamu. Dawa za kulevya, zikiwemo bangi na mirungi, hubeba adhabu kali. Asikubali mtu yeyote kubeba mzigo wa mwenzake, hata ukielezwa kuwa ni unga wa ndizi wa kumpelekea ndugu. Aliyekutwa nao ndiye atakayeulizwa.

Akipatwa na tatizo, na wakati wa kurejea

Namba ya dharura nchini Oman ni 9999. Mwananchi aliyepoteza pasipoti, aliyenyang'anywa hati zake au aliyekamatwa awasiliane na Ubalozi wa Tanzania mjini Maskati. Kabla ya kuondoka, aache kwa familia yake nakala ya pasipoti, viza, tiketi, anwani atakayofikia na simu ya mwenyeji. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania, na mwenyeji au mwajiri hana haki ya kuishikilia.

Wakati wa kurejea, bidhaa za kuuza zilizonunuliwa Maskati zitangazwe kwa TRA pamoja na stakabadhi zake. Mjumbe aliyetumwa na kikundi awasilishe taarifa ya maandishi yenye majina ya kampuni alizokutana nazo, bei alizoziona sokoni, masharti yaliyopendekezwa na matumizi ya fedha. Taarifa hiyo ni mali ya wanachama hata pale ambapo mkataba haukupatikana, kwani kikundi kitakachosafiri msimu unaofuata kitaanzia hapo.

Wananchi wanaohitaji ufafanuzi zaidi wanashauriwa kufika katika ofisi za biashara na kilimo za Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe, ofisi za Uhamiaji, TPHPA na TCCIA mkoani Mbeya, kabla ya kulipia tiketi.